Marashi Hayana Mume Wala Mke

Siku moja katika ujana wangu nilijipaka marashi ya mama yangu, nikenda barazani. Wenzangu walinicheka mpaka nikarudi nyumbani kuoga. Ajabu ni kwamba nguo zetu, za baba na za mama, zilifukizwa udi katika chetezo kimoja, wala hapana aliyecheka. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: ni nani aliyeyapa marashi jinsia? Sehemu ya jawabu nimeipata katika historia ya marashi ya Kifaransa yaitwayo Jicky.

Marashi hayo yalitungwa Paris mwaka 1889, mwaka ule ule uliofunguliwa mnara wa Eiffel. Mtungaji wake alikuwa Aimé Guerlain, mwana wa Pierre-François-Pascal Guerlain aliyeanzisha nyumba ya manukato yenye jina hilo mwaka 1828. Kuhusu asili ya jina la Jicky kuna masimulizi mawili: wapo wasemao kuwa ni la binti aliyependwa na Aimé alipokuwa masomoni Uingereza, na wapo wasemao kuwa ni jina la utani la Jacques, mtoto wa nduguye.

Zama zile mwanamke wa heshima alitarajiwa anukie ua: waridi, au jingine la bustanini. Aimé hakuifuata ada hiyo. Juu aliweka bergamoti, ambayo ni jamii ya michungwa, pamoja na lavenda, harufu baridi iliyozoeleka kwa wanaume. Chini yake akatia vitu viwili vilivyokuwa vigeni katika kazi hiyo, vyote vya maabara: kumarini, aliyoiunda mwanakemia Mwingereza William Perkin mwaka 1868, na vanilini, iliyoundwa na Wajerumani Tiemann na Haarmann mwaka 1874. Kumarini ilikwisha kutumiwa na nyumba ya Houbigant katika marashi ya Fougère Royale mwaka 1882. Lakini Aimé aliiweka kemia hiyo bega kwa bega na kitu cha kale mno, nacho ni zabadi.

Zabadi twaijua. Ni uto wa tezi za ngawa, zilizo karibu na mkia wake. Ikiwa mbichi hunuka hata mtu akageuza uso. Ikizimuliwa huwa na joto la ngozi ya mwanadamu. Kwa karne nyingi Ethiopia iliisafirisha nchi za nje, nao ngawa wakifungwa vizimbani na kukwanguliwa uto huo, mateso ambayo hatuna haki ya kuyasahau tunaposifu harufu. Siku hizi watengenezaji wengi hutumia badala yake iliyotengenezwa maabara.

Basi chupa moja ilibeba ubaridi wa lavenda, utamu wa vanila na ukali wa mnyama. Mwanzoni wanaume ndio waliochangamkia Jicky. Wanawake wengi walikuja kuyakubali baadaye, karne ya 20 ilipokwisha kuingia. Hakuyatunga upya mtu ili yawafae wanawake. Kilichogeuka ni mazoea ya watu, na marashi yakabaki dukani hadi leo.

Mwaka 1994 Calvin Klein alipotoa CK One na kutangaza kuwa ni ya wanaume na wanawake, wengi waliliona jambo hilo kuwa geni. Kwa hakika ugeni ulikuwa katika tangazo. Jicky yalikwisha kuvuka mpaka huo bila ya tangazo, na chetezo cha nyumbani kwetu hakikupata kuujua.

Vijana walionicheka barazani sasa ni wazee kama mimi. Nikikutana nao huwaambia neno moja tu: ngawa dume na ngawa jike wote hutoa zabadi.