Unataka Kuwa Rubani na Uko Thika Road? Soma Hii Kabla Mzae Auze Ploti

Kama unaishi Thika ama Ruiru, hii stori unaijua. Kijana anamaliza fom foo, anasema anataka kurusha ndege, na mzae anaanza kuangalia ile ploti ya Juja kwa jicho lingine. Maze, ngojeni kwanza.

Shule nyingi za urubani ziko Wilson. Unadandia 237 ya Thika ama 145 ya Ruiru hadi tao, halafu mathree ya Lang'ata Road. Lakini kabla ulipe shule yoyote, fanya vipimo vya afya vya daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA. Miwani si lazima ikuzuie. Shida ya kutofautisha rangi inaweza, na heri uijue mapema kuliko baada ya ploti kuenda.

PPL, leseni ya kurusha kibinafsi, unaanza kuruhusiwa ukiwa na miaka 17, na unahitaji angalau saa 40 angani. Hiyo haikuruhusu kulipwa. Ya kazi ni CPL: miaka 18, na kwa njia ya kawaida saa 200. Sasa piga hesabu. Tuseme shule inakuchaji 20,000 kwa saa. Mara 200 ni milioni 4, na hujalipa mitihani, rent wala nauli.

Hapa ndio wengi hushikwa: ukimaliza, bado hauna jobo. Saa 200 ni kidogo, na bima za ndege hutaka mtu mwenye masaa mengi zaidi. Ndio maana unapata msee ana leseni na anasota. Wengi huanza kama walimu wa kurusha, ama rubani msaidizi wa Cessna Caravan inayopeleka watalii Mara. Safarilink na AirKenya, wote wa Wilson, hurusha Caravan. Jambojet, iliyoanza Aprili 2014, hutumia Dash 8-400, na hiyo unafunzwa upya kabla uiguse. Uliza nani analipa hayo mafunzo. Kampuni ikikulipia, mara nyingi unasaini kukaa nao miaka kadhaa.

Mshahara nao huwa vipande: ya msingi, marupurupu ya masaa uliyoruka, na doh ya kulala nje. Mvua ya Aprili na Mei ikipunguza watalii, masaa yanashuka na mfuko unafuata. Chapaa ya kuomoka iko kwa kapteni wa ndege kubwa, na huyo anahitaji ATPL: miaka 21 na saa 1,500. Kutoka 200 hadi 1,500 ni safari, buda.

Na hata huko juu kuna ngori. Mwaka wa 2020 safari za abiria zilisimama, za ndani zikarudi Julai, na Kenya Airways ikapunguza wafanyakazi. Novemba 2022 marubani wake waligoma, hela za kustaafu zikiwa kati ya malalamiko.

Mtu akikuambia kwa WhatsApp utume elfu 50 akushikie nafasi ya kazi, mblock. Ukifika shuleni, uliza ndege ngapi zinaruka wiki hii, si ngapi zimepaki. Uliza bei ya saa ikipanda katikati itakuwaje. Na lipa kwa awamu: PPL kwanza, urushe, uone kama hii kitu ni yako. Ile ploti haiendi mahali.