Mganga wa Tetu na sheria iliyoiogopa hofu

Warusi wana ajuza wao wa ngano, Baba Yaga: leo anakula watu, kesho anampa moto yatima aliyetumwa kwake kuutafuta. Wagikuyu wa Tetu, huko Nyeri nchini Kenya, waliigawa sura hiyo kwa watu wawili, murogi anayeua kwa sumu na uchawi, na mundu mugo anayetibu na kupiga ramli. Wote wawili waliogopwa, lakini hofu ya mundu mugo haikuwa dosari ya kazi yake bali kiungo chake. Mtu aliyepatwa na thahu, yaani unajisi unaoleta maradhi, alichuchumaa mbele ya shimo dogo lililotandikwa majani ya mgomba, akalambishwa dawa na kuitema humo, huku maovu yakitajwa moja baada ya jingine. Nani angetaja aliyoyaficha mbele ya mtu asiyemwogopa?

Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ikapitisha Sheria ya Uchawi, na kipimo chake kikawa hofu yenyewe: anayejidai kuwa na nguvu za kutia watu hofu au kuwadhuru alistahili kifungo. Watetezi wake watasema ililenga wabaya tu. Labda, ila kwa kipimo hicho mganga hodari ndiye wa kwanza kunaswa. Wengine watasema mundu mugo na murogi walichota elimu katika kibuyu kimoja, na hilo sikatai. Jomo Kenyatta, ambaye babu yake alikuwa mundu mugo, alieleza katika kitabu chake cha 1938 jinsi jamii ilivyowatenga wawili hao kwa matendo: murogi aliyethibitika alichomwa moto. Ukatili huo sina haja ya kuupamba. Unaonyesha tu kwamba watu hawakuwachanganya.

Ushahidi mzito zaidi ulitolewa na serikali yenyewe. Mwaka 1952, viapo vya Mau Mau, waasi waliopinga ukoloni, vilipoenea Nyeri, nyumbani kwa kiongozi wao Dedan Kimathi wa Tetu, maofisa waliwakodi waganga wazunguke wakiwatakasa watu viapo hivyo kwa githathi, jiwe lenye matundu ambalo Mgikuyu aliamini humuua anayeapa uongo. Walichonunua ni hofu ileile waliyoiharamisha, na waganga hao wakabandikwa jina la kejeli, wachawi wa Malkia. Sheria hiyo ya 1925 haikuzikwa na ukoloni: uhuru uliikuta, ikarithiwa, ikapewa nafasi kama Sura ya 67 ya sheria za Kenya.