Kasha la Faini

Kodi mtu huitoa akinung'unika, lakini anajua jirani yake naye ametoa. Faini huitoa peke yake, mbele ya watu, na huku kwetu Usukumani mara nyingi hutokana na ng'ombe aliyepelekwa mnadani kwa haraka, kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana nimejiuliza mara nyingi: askari mwenye bunduki aliyelisindikiza kasha la mahakama hadi hazina ya Serikali, alikuwa akimlinda nani?

Zamani za Waingereza kasha halikwenda mbali. Chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya 1926 iliwapa watemi mamlaka, na ile ya 1929 ikaziweka mahakama zao chini ya maofisa tawala badala ya Mahakama Kuu. Ada na faini ziliingia katika hazina ya wenyeji. Na hazina hiyo hiyo ndiyo iliyomlipa mtemi mshahara wake. Hapo, msomaji, hata ungepanga askari njia nzima, mtozwaji asingepata kinga.

Utemi ulifutwa 1963, na mwaka uliofuata mahakama za mwanzo zikaingia katika mfumo mmoja wa nchi. Hakimu akalipwa na Serikali, awe ametoza faini nyingi au hakutoza hata senti. Kasha nalo likaanza kusafiri.

Mwaka 1976 nilisafiri nalo katika basi, tukitoka upande wa Katoro kwenda Geita. Lilikuwa la bati, dogo kuliko nilivyodhani. Konstebo alilikanyaga kwa mguu mmoja, akasinzia. Karani wa mahakama hakusinzia. Alikumbatia kitabu cha stakabadhi kama mtoto mchanga. Nadhani karani ndiye aliyeielewa kazi. Bunduki huzuia jambazi wa njiani, lakini shilingi ambayo haikuandikwa haiingii kashani, wala haihitaji kusindikizwa.

Sungusungu walipozuka pande za Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walikiona cha moto, na wengi wetu tulilala usingizi. (Nami nilishukuru, sifichi.) Lakini nao walitoza faini, bila hakimu wala karatasi. Aliyehukumiwa na mahakama ya mwanzo ana siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Aliyetozwa chini ya mti angekwenda huko ameshika nini?

Tangu 2017, Serikali ilipoanza kukusanya malipo kwa mfumo wa kielektroniki, mtu hupewa namba, hulipa benki au kwa simu, na fedha hufika Hazina bila basi wala konstebo. Hivi karibuni kijana mmoja, mchimbaji mdogo wa Geita, alinionyesha simuni ujumbe wa faini aliyolipa. Nikamshauri akauchapishe kabla simu haijaibwa. Alicheka sana. Baadaye nikasikia ametoa nakala mbili, moja amempa mama yake aitunze.