Magavana Wawili na Wakulima wa Pamba wa Mwanza

Sir Edward Twining aliitawala Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958. Alipenda gwaride, nishani na kofia ya manyoya, na aliamini watemi wangemsaidia kuituliza nchi. Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake yalikuwa Mwanza, halikutulia.

Ugomvi ulianzia kwenye mizani. Msukuma alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi, akasomewa uzito asiouamini, akalipwa kwa uzito huohuo. Wakulima wakaamua kuweka wapimaji wao wenyewe. Paul Bomani, kijana mzaliwa wa Musoma, akaunganisha vyama vyao, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa ushirika ulioitwa Victoria Federation.

Wakati huohuo, tangu 1947, mpango wa maendeleo ya Usukuma uliosimamiwa kutoka Malya uliwalazimisha watu kulima matuta na kupunguza ng'ombe. Kwa Msukuma, ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima ya boma. Amri ya kuwapunguza ilimgusa pabaya.

Chama cha kudai uhuru, TANU, kilipoanzishwa Julai 7, 1954, serikali ilikataa kusajili matawi yake Usukuma. Hasira haikuzimwa kwa hilo. Ilihamia kwenye mikutano ya ushirika.

Twining alikuja na dawa ya mseto: Waafrika, Waasia na Wazungu wagawane sawasawa viti vya baraza la kutunga sheria, ingawa Waafrika walikuwa karibu watu wote wa nchi. Mwaka 1956 alihimiza kuundwa kwa chama cha UTP kishindane na TANU, na katika uchaguzi uliofuata kila mpigakura alitakiwa apige kura tatu, moja kwa kila kundi. Sera hiyo ilipofikishwa Geita kwa sura ya baraza la wilaya la mseto, wananchi waliikataa. Katikati ya 1958 mamia yao walivuka hadi Mwanza kupeleka malalamiko kwa mkuu wa jimbo. Polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi.

Gavana mpya, Sir Richard Turnbull, aliingia kazini Julai mwaka huo, akitokea Kenya alikoiona vita ya Mau Mau kwa karibu. Hakutaka hayo yarudiwe Tanganyika. Alikutana na kiongozi wa TANU, Julius Nyerere, wakazungumza, TANU ikaruhusiwa Usukuma, na mabaraza ya mseto yakaachwa. Uchaguzi wa 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71. Bomani akawa waziri wa kilimo. Uhuru ulifika Desemba 9, 1961.

Turnbull anastahili sifa kwa kusoma hali mapema. Lakini waliomwandikia somo hilo ni wapimaji wa pamba na waandamanaji wa Geita, na vitabu vya shule vingewatendea haki kwa kuwataja kabla ya gavana yeyote.