Sala ya Faragha ya Kasisi katika Misheni ya Unguja

Wanaoandika historia ya misheni ya Unguja hutaja kwanza kanisa la Mkunazini, shule na tafsiri za vitabu. Sala aliyoisali kasisi akiwa peke yake haikuacha jengo wala picha, lakini ilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ni ya zamani kuliko misheni yenyewe.

Katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549, sala nyingi za saa walizozisali watawa zilikusanywa zikawa mbili, ya asubuhi na ya jioni, nazo ziliwapasa wale tu waliohudumia makusanyiko. Kitabu cha 1552 kiliwafunga makasisi na mashemasi wote wazisali kila siku, ama faraghani ama mbele ya watu. Ila aliyeshughulika na kuhubiri au na masomo ya dini alisamehewa. Chapa ya 1662 iliondoa udhuru huo, ikabakiza ugonjwa na haja nyingine ya lazima. Maana yake ni nzito: mhubiri hawezi kusema kwamba kazi ya Mungu imemkosesha nafasi ya kumwomba Mungu.

Sheria hiyo ndiyo waliyokuja nayo Askofu Tozer na Edward Steere walipofika Unguja mwaka 1864. Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874 hata alipofariki mwaka 1882, alifasiri pia sehemu kubwa ya Kitabu cha Sala, na neno lililotumika lilikuwa tayari vinywani mwa watu. Kwa Waislamu wa pwani, sala ni ibada ya faradhi, yenye nyakati zake na maneno yake; husaliwa kwa jamaa, na aliye peke yake haimwondokei. Dua ni ombi ambalo mtu huliomba wakati wowote kwa haja yake. Basi neno sala lilifaa sana kwa agizo la 1662. Kasisi aliyesali bila mtu wa kumwitikia hakuwa akiomba dua ya hiari, bali alikuwa akitimiza wajibu wake kwa ajili ya watu wote.

Uzito wa jambo hilo ulionekana bara. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Kiungani, alifanywa shemasi mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa ukasisi. Alitumika Chitangali, kati ya Wayao wa upande wa Ruvuma, mbali sana na askofu wake. Agizo lililomfunga kasisi wa Canterbury, mwenye kanisa kuu na wenzake wengi, lilimfunga yeye vilevile, wala umbali haukuwa udhuru.

Yupo aliyedhani kwamba sala ya namna hiyo humtenga mtumishi na taabu za watu. Habari za Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908 hata 1924, zakanusha dhana hiyo. Alijulikana kwa saa nyingi alizokaa mbele ya Sakramenti. Naye ndiye aliyeandika mwaka 1920 kitabu kidogo cha kuishutumu serikali ya Uingereza kwa kazi ya kulazimishwa waliyotwikwa Waafrika katika nchi ya Kenya. Mwaka 1923, katika mkutano mkuu wa London, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba hawana haki ya kumwabudu Kristo altareni ikiwa hawamhurumii katika maskini wa mitaani.

Kwa hiyo faragha ya kasisi haikuwa mahali pa kujificha. Ilikuwa sehemu ya kazi yake ambayo watu hawakuiona, na iliyompasa hata siku ambayo kengele ililia asije mtu.