Usalama wa wajenzi wa maghorofa, Dar es Salaam

Usalama wa wajenzi ni jumla ya sheria, taratibu na ustadi unaokusudiwa kumwepusha na kifo, jeraha au maradhi kila afanyaye kazi kwenye eneo la ujenzi, awe mhandisi, fundi, mwendesha winchi au saidia fundi, yaani kibarua amsogezeaye fundi zege, tofali na nondo. Katikati ya Dar es Salaam, hasa Kariakoo na Kisutu, suala hili lina sura yake, kwa kuwa maghorofa huinuliwa kwenye viwanja vidogo vilivyokuwa na nyumba za chini, ukuta kwa ukuta na jengo la jirani, huku mirunda, ile miti myembamba inayoegemeza zege bichi, ikisimama hatua chache kutoka meza za machinga.

Kuanguka kutoka juu na kuangukiwa na vifaa huzuiwa kwa vizuizi vya ukingoni, majukwaa imara, mikanda na kofia ngumu. Vifaa hivyo, hata hivyo, havimfai kitu mjenzi ambaye jengo lenyewe limemwangukia. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, wakiwamo wajenzi na watoto waliokuwa wakicheza jirani. Ilielezwa kuwa lilikuwa limefikia ghorofa 16 ilhali kibali kilikuwa cha 10. Hatari ya namna hiyo huamuliwa kwenye michoro na vibali, kabla kibarua hajashika karai.

Zege hukadiriwa kufikia nguvu iliyokusudiwa baada ya siku 28, hivyo kuiondoa mirunda mapema ili itumike ghorofa ya juu ni kuitwisha sakafu changa mzigo isiouweza. Uchimbaji nao ni hatari, kwa sababu udongo wa kichanga huporomoka usipozuiwa, na shimo linaloupita msingi wa jirani huunyima egemeo. Jengo la Kariakoo lililoanguka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20 lilirudisha mjadala wa uchimbaji wa chini ya majengo. Hata msemo wa mafundi kwamba zege halilali, wenye mantiki ya kiufundi kwa kuwa umwagaji ukikatizwa huacha ungio dhaifu, humfanya kibarua aliyechoka abebe karai usiku kwenye ngazi isiyo na taa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 husimamiwa na wakala wake, OSHA, ilhali makandarasi na wahandisi husajiliwa na bodi mbili tofauti zilizoundwa kwa sheria za 1997, na kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri. Mgawanyo huo huwezesha kila mkaguzi kuona kipande chake tu. Fidia ya anayeumia kazini hutolewa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, lakini kibarua alipwaye jioni mkononi na msimamizi, bila mkataba wala jina lake kuandikwa popote, hupata tabu kuthibitisha kwamba siku ya ajali alikuwa kazini.