Jina la Ugonjwa na Mimba Iliyotupwa: Homa ya Bonde la Ufa tangu Naivasha, 1930

Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, wanakondoo walikufa kwa wingi na majike wenye mimba wakazitupa. Maabara ya mifugo ya Kabete ilifanya uchunguzi, na mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham wakachapisha maelezo ya kwanza ya ugonjwa huo, wakionesha kwamba chanzo chake ni virusi na kwamba huwapata kondoo, ng'ombe na binadamu. Waliupa majina mawili: moja la uvimbe wa ini, jingine la mahali ulipoonekana. Jina la ini lilififia. La mahali lilibaki, na Kiswahili kikalipokea kwa tafsiri ya moja kwa moja, Homa ya Bonde la Ufa.

Majina yote mawili yanakwepa kile anachokiona mfugaji. Aliyepasua mzoga aliliona ini, na aliyeandika ripoti alikuwa na ramani mbele yake. Mwenye ng'ombe aliona mimba imetoka. Ng'ombe mkubwa aliyeambukizwa huweza kupata homa ya siku chache na kupungukiwa na maziwa tu, kisha akatupa mimba, na hapo ndipo mwenyewe anaposhtuka. Ng'ombe wa kigeni na chotara, ambao ndio tegemeo la biashara ya maziwa, huathirika zaidi kuliko zebu.

Kwa dalili hiyo Kiswahili kina msemo wake, kutupa mimba, lakini msemo huo umekwisha kupata mwenyewe. Katika lugha ya ugani nchini Tanzania, "ugonjwa wa kutupa mimba" aghalabu ni bruselosi, inayosababishwa na bakteria. Mkanganyiko huu una gharama. Bruselosi hukaa katika kundi mwaka hata mwaka, na mimba hutoka zaidi katika miezi ya mwisho. Homa ya Bonde la Ufa huzuka baada ya mvua kubwa na mafuriko, pale mayai ya mbu wa jamii ya Aedes yaliyolala ardhini, baadhi yakiwa yamerithi virusi, yanapoanguliwa. Mimba za umri wowote hutoka kwa wakati mmoja. Taarifa ya aina hiyo ikiandikwa kuwa ni bruselosi, onyo la mapema limepotea, na wanaoshika vijusi na kondo kwa mikono mitupu wanaendelea kuambukizwa.

Wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya hawakuhitaji ramani. Tathmini ya mlipuko wa 2006 na 2007 ilionesha kwamba walikuwa na jina lao, sandik, linalorejelea damu ya puani, na kwamba walizitambua dalili kabla ya hatua za serikali kuanza.

Jina la mahali nalo limechosha mipaka yake. Ugonjwa ulienea Afrika Kusini mwaka 1950 na 1951, ukafika Misri 1977, na mwaka 2000 ukavuka hadi Saudi Arabia na Yemeni. Mwaka 2022 ng'ombe wa Rwanda waliupata. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unashauri magonjwa mapya ya binadamu yasipewe majina ya mahali, lakini la zamani kama hili haliguswi. Kulibadili sasa kungeleta vurugu kuliko faida.

Linalowezekana ni dogo zaidi, nalo liko ndani ya uwezo wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya nchi: "kutupa mimba" libaki kuwa jina la dalili, na bruselosi iitwe bruselosi katika vijitabu na fomu za taarifa. Chanjo yenyewe inalidai jambo hilo. Virusi ambavyo Smithburn alivipata kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944, ndivyo vilivyozaa chanjo hai ambayo bado hutumika, na chanjo hiyo huweza kumfanya jike mwenye mimba aitupe. Mfugaji anayefika ofisini na kusema ng'ombe wake ametupa mimba, basi, huenda anazungumzia bakteria, virusi au sindano aliyoletewa na ofisi hiyohiyo.